Shangazi na Maji ya Moto: Kutoka Tanga Hadi Pangani

Mpenzi msomaji, kama umepata kupita barabara ya Tanga kwenda Pangani, bila shaka umewahi kupishana na yale magari makubwa ambayo ndani yake mna vitanda, jiko na bafu. Wageni huyaita karavani. Hutoka Mombasa kwa njia ya Horohoro, au huteremka kutoka milima ya Usambara, wakatafuta kivuli cha minazi karibu na bahari, wakapiga kambi siku mbili tatu. Mimi nilikuwa nikiyatazama magari hayo kama mtu wa nchi kavu atazamavyo meli: ni mali ya watu wengine, yana mambo yake. Sikudhani kwamba itafika siku nitalala ndani ya moja, wala kwamba nitakaa ukingoni mwa mto Pangani nikifundishwa namna ya kupunguza joto la maji ya bafu lake, huku shangazi yangu akifungwa bandeji za miguu hospitali.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ni dereva wa kampuni moja inayotembeza wageni. Mwezi wa Julai aliwapandisha wageni wake Lushoto, wakakaa huko juma zima. Ndugu msomaji, Lushoto mwezi wa Julai si mahali pa kufanyia mzaha. Kutoka Mombo barabara inapanda kilomita 33 za kona, na ukifika juu uko kiasi cha mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Asubuhi ukungu umelala mabondeni na maji ya bombani yanauma vidole. Wageni wakalalamika kuwa maji ya bafu hayawapashi mwili. Mpwa wangu, kijana mtiifu, akafungua kila kilichofunguka na kuzungusha kila kilichozungukika mpaka wakaridhika. Kisha wakaenda Unguja, naye akaagizwa ateremshe gari tupu mpaka Pangani, awangoje huko. Alikuwa na siku tatu za nafasi. Akapita Tanga kutuamkia, na tajiri wake alikuwa amempa ruhusa ya kubeba jamaa zake.

Shangazi yangu anakaa Ngamiani, katika mojawapo ya zile barabara ambazo hazina majina ila namba. Ni mtu mzima aliyepita miaka sabini, mcheshi, hodari wa kusema, na kwa miaka kumi na minne sasa anaugua kisukari. Miguu yake imekufa ganzi. Yeye mwenyewe hulifanyia masihara jambo hili; husema miguu yake imestaafu kabla yake. Aliposikia habari ya gari, akatoa shauri lake mara moja: twende kwanza Amboni, kwenye maji ya moto, akaloweke miguu, kisha tuelekee Pangani akamwone shoga yake wa ujanani. Nani angeweza kumkatalia? Wenyewe husema Tanga waja leo waondoka leo, lakini Shangazi hajaondoka Tanga zaidi ya mara tatu maishani mwake, na safari kwake ni karamu.

Basi tulianza kwa kuelekea kaskazini, njia ya Horohoro. Amboni haiko mbali na mji. Ni mwendo wa kilomita nane hivi. Wengi huijua kwa mapango yake ya mawe ya chokaa, na watoto wa shule hupelekwa huko kuangalia popo. Chemchemi za maji ya moto hazina wageni wengi kiasi hicho. Zinaitwa Galanos, kwa jina la Mgiriki mmoja aliyekuwa na mashamba ya mkonge upande huo, na ndilo jina lililopewa pia shule ya sekondari mjini Tanga. Siku za wenye mkonge palijengwa mabafu hapo. Leo yamebaki magofu. Harufu inakupokea kabla hujaona kitu, harufu ya kiberiti kama yai viza. Maji yanatoka chini yakibubujika, na mvuke mwepesi juu yake.

Huenda ukauliza, ni nani anayeyachemsha? Hakuna zimwi wala shetani. Maji ya mvua huzama katika nyufa za miamba, na kadiri yanavyokwenda chini hukuta ardhi yenye joto zaidi. Kwa kawaida joto huongezeka nyuzi 25 hadi 30 za sentigredi kwa kila kilomita moja ya kina. Yakipata njia ya kurudi juu upesi, hufika bado yana moto. Hapana bisibisi ya kupunguzia wala kuongezea. Basi mke wangu alichota katika beseni, akatia kiwiko cha mkono, akaongeza maji ya baridi kutoka katika dumu, akatia kiwiko tena, ndipo akamruhusu Shangazi aweke miguu. Sikulitilia maanani jambo hilo wakati ule. Ni jambo ambalo kila mama hulifanya anapomwogesha mtoto, nasi wanaume huliona bila kuliangalia.

Shangazi alifurahi mno. Alikaa pale hata jua likawa utosini, akitusimulia jinsi Wagiriki walivyokuwa wakija na miavuli yao.

Mchana tukarudi mjini, tukachukua barabara ya kusini. Tulisimama kidogo Tongoni, kiasi cha kilomita 18 kutoka Tanga, tukatazama magofu ya msikiti na makaburi ya kale yenye nguzo, mengi yakiwa yamelala chini. Mpwa wangu aliniambia kuwa karibu na hapo ndipo merikebu moja ya Vasco da Gama ilipokwama mwaka 1498. Shangazi akasema ilistahili kukwama, tukaendelea. Njia ilikuwa ya taratibu, injini ikinguruma, na jua la alasiri likiunguza bati la gari. Karibu na Kigombe tukapata kambi chini ya minazi, hatua chache kutoka ufukoni. Tukala wali na changu wa kupaka, tukamshukuru Mungu.

Baada ya kula, Shangazi akasema miguu imezoea raha ya Amboni, anataka kuiloweka tena kabla ya kulala. Mke wangu alikuwa nje akiosha vyombo. Shangazi akaingia katika kile kibafu, akachukua beseni, akafungua bomba lenye alama nyekundu, akaongeza maji kidogo ya bomba la buluu, akatia mguu kupima. Tulimsikia akisema kwa sauti, "Mbona haya ni vuguvugu tu?" Akazidisha ya moto. Akakaa akivuta uradi.

Mke wangu alipoingia kuchukua taulo, aliona mvuke. Aliuvuta ule mguu wa kwanza, na mstari ulikuwa umejichora juu kidogo ya kifundo, chini yake nyekundu kama pilipili. "Shangazi, huumii?" "Niumie n'nini, mwanangu? Mie sisikii kitu."

Hapo ndipo nilipomwona mke wangu akiwa jemadari. Mpwa wangu alikimbilia dawa ya meno, akampokonya. Mimi nilitaja mafuta ya nazi, sikupata jibu. Alimkalisha Shangazi mlangoni, akatutuma kisimani, nasi tukammwagia maji ya kawaida miguuni polepole kwa dakika ishirini kamili kwa saa, Shangazi akilalamika kuwa tunamharibia kanga. Kisha akafunika miguu kwa kitambaa safi, bila kupaka kitu chochote. Malengelenge yaliinuka usiku. Kungali na giza tulikuwa njiani kwenda Pangani, hospitali.

Lakini kabla ya kuondoka, mpwa wangu, ambaye hakulala kwa uchungu, alifungua kile kifuniko cha ubavuni mwa gari kilichoficha tangi la maji ya moto. Ndani mlikuwa na kitu cha duara chenye namba: themostati, yaani kile kinachoiambia hita lini iache kuchemsha. Ilikuwa imesimama kwenye 70. Huko Lushoto ndiko alikoifikisha. Alizima umeme kwanza, kama inavyotakiwa, akairudisha hadi 50. "Mjomba," akaniambia, "kosa langu nimeliona na nimeliondoa."

Naam, aliliona nusu.

Pangani ni mji unaomtuliza mtu hata akiwa na dhiki. Muuguzi alimpokea Shangazi, akamkaripia kwa adabu, akatutuma nje. Alisema mgonjwa wa kisukari mwenye ganzi asilowekewe miguu katika maji ya moto kabisa, yawe ya bomba au ya Amboni. Kwamba jeraha dogo la mguu kwa mgonjwa kama huyo laweza kugeuka kidonda, na kidonda kikaleta msumeno. Neno hilo la msumeno lilitufuata mpaka kwenye gati ya kivuko. Tukaegesha gari tukakaa, tukitazama kivuko kikienda Bweni na kurudi. Upande ule wa mashamba, karibu na Pangani, ndiko mkonge ulikopandwa kwanza mwaka 1893. Mjerumani aitwaye Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, na hiyo ndiyo iliyozaa mashamba yote uyajuayo. Nilimweleza mpwa wangu habari hiyo ili kumtoa mawazoni. Hakunisikia.

Karibu nasi alikuwapo fundi wa injini za boti, mzee mwenye kofia ya kiua, akisafisha plagi. Tuliamkiana, tukamweleza mkasa wetu. Akainuka, akaingia garini, akafungua bomba jekundu, akangoja, akatia kidole na kukitoa upesi. "Mwanangu, mbona haya bado ni moto wa jehanamu?"

Mpwa wangu aliapa kuwa alishusha hadi 50. Mzee akacheka kidogo, akainama chini ya gari, akatuonyesha mipira miwili minene inayotoka upande wa injini kuingia katika lile tangi. Hapo ndipo tulipoelewa. Tangi la namna hii lina njia mbili za kupashwa moto. Ya kwanza ni ya umeme, gari likiwa kambini limeunganishwa na waya. Hiyo ndiyo inayotii themostati. Ya pili ni maji ya rejeta. Yanapita ndani ya tangi katika mrija uliojikunja, hayachanganyiki na maji ya kuoga, bali huyapa joto lake. Na maji ya rejeta ya injini iliyopata moto huwa na nyuzi 85 hadi 90. Themostati haina amri juu yake. Ukiendesha gari saa moja, maji ya bafu yataikaribia injini kwa joto hata kama umeishusha themostati mpaka chini. Mzee alisema boti nyingi za wavuvi wa kitalii zina tangi la jinsi hiyo hiyo, na mabaharia wake wameungua kabla yetu.

"Kwa hiyo," nikauliza, "mwenye kutengeneza gari alikusudia watu wachunwe ngozi?"

La, hasha. Aliweka mlinzi, nasi ndio tuliomfukuza. Pale maji yanapotoka tangini pana vali ndogo ya kuchanganyia, ambayo huvuta maji ya baridi na kuyatia katika ya moto kabla hayajafika bombani. Ina kifuniko cha plastiki, na chini yake pana kichwa cha kuzungusha chenye alama ya kujumlisha na ya kutoa. Huko Lushoto mpwa wangu aliizungusha mpaka mwisho upande wa kujumlisha, akasahau kwamba aliigusa. Kule haikuonekana kuwa hatari. Fanya hesabu nami, msomaji. Tuseme maji ya moto yana nyuzi 66, na ya baridi ya Lushoto yana 15. Ukichanganya nusu kwa nusu unapata 40 na kidogo, maji mazuri ya kuoga. Teremka pwani, ambako tangi la maji ya kawaida limeshinda juani na lina nyuzi 30. Nusu kwa nusu ile ile sasa inakupa 48. Mkono umezoea kuzungusha kipimo kilekile, na maji si yaleyale tena. Na Shangazi hakuchanganya hata nusu kwa nusu.

Mzee alikuwa na kipimajoto cha kazi yake. Bomba jekundu lilisoma 66. Nilipata kuelezwa baadaye na daktari kwamba maji ya nyuzi 60 yaweza kumuunguza mtu mzima vibaya kwa sekunde tano hivi, ambapo ya nyuzi 49 huchukua dakika tano au zaidi. Na ngozi ya mzee au ya mtoto mchanga haina hata muda huo. Tofauti ya nyuzi kumi na moja tu, msomaji, lakini ndiyo tofauti kati ya kupiga ukelele ukaruka na kutopata nafasi ya kuruka.

Kazi yenyewe ya kurekebisha haikuchukua robo saa. Mzee alilegeza nati inayokaza kile kichwa, akamwachia mpwa wangu afanye mwenyewe. Robo mzunguko kuelekea alama ya kutoa, kisha acha maji yatoke kwa dakika nzima, kisha pima. Kijana alitaka kuzungusha mara moja mpaka mwisho. Mzee akamshika mkono, maana vali huchelewa kujibu, na anayeiharakisha huishia kwenye maji ya baridi kisha akairudisha kwa hasira. Ikasoma 54. Robo tena, 47. Kidogo tena, 43. Kidogo sana, 41. Akakaza nati, akapima mara ya pili baada ya kuichemsha injini, kwa sababu kipimo cha kwanza hakitoshi. Bado 41.

Mpwa wangu akataka pia kuishusha themostati hadi 40 ili amalize kabisa. Mzee akamkataza, na hapa ningependa usikilize ikiwa nyumbani kwako una hita ya aina yoyote. Maji yanayolala tangini yakiwa na vuguvugu, kati ya nyuzi 20 na 45, ni shamba la vijidudu. Mojawapo hushambulia mapafu kwa njia ya mvuke wa bafu. Kilijulikana baada ya kuua watu wengi waliokutana katika hoteli moja mjini Philadelphia, Marekani, mwaka 1976. Kikikutana na nyuzi 60 hufa. Kwa hiyo tangi lenyewe liwe na moto, na bomba ndilo liwe na upole. Kazi ya kuyaunganisha mambo hayo mawili ni ya ile vali. Basi themostati ikarudishwa kwenye 60. Na gari likikaa majuma bila kutumika, mwaga maji yote, na kabla ya kuoga tena chemsha na yaachie yatoke katika kila bomba, madirisha yakiwa wazi.

Mzee alituonyesha mambo mengine mawili akiwa humo ndani. Vali ya usalama juu ya tangi ilikuwa ikidondosha matone, na kijana alikuwa ameifunga kwa mpira ili isilowanishe sakafu. Mzee aliukata ule mpira bila kusema neno. Maji yakipata moto hutanuka, na ile vali ndiyo pumzi ya tangi. Ukiiziba umetengeneza bomu. La pili lilikuwa ukoko mweupe. Visima vya pwani yetu vimechimbwa katika mawe ya matumbawe, na maji yake huacha chokaa juu ya waya wa kuchemshia, kama lile ganda la ndani ya birika la chai. Siki hulitoa. Kuhusu umeme aliuliza tu gari limetoka wapi. Alipoambiwa Uingereza akaridhika, kwani ya Marekani huja na hita za volti 120, na ukizichomeka katika 230 zetu hutoa karibu mara nne ya nguvu zake, kwa muda mfupi sana.

Hakutaka malipo. Tulimnunulia kahawa.

Shangazi alitoka adhuhuri, miguu imefungwa kama ya mchezaji mpira, akidai aonyeshwe hilo dude lililomuunguza. Tulimwinua mpaka bafuni. Mke wangu akamshika mkono, akaupeleka kiwiko chake chini ya bomba jekundu. Alingoja, akatutazama mmoja mmoja.

"Haya ndiyo maji ya moto?"

Majeraha yalichukua majuma sita kupona, na kila siku ya pili mmoja wetu alimpeleka kubadilishiwa bandeji. Vidole vyote vipo. Mpwa wangu alibandika kipande cha plasta kando ya bomba, akaandika 41 kwa kalamu ya wino. Wageni waliofuata walipopanda Lushoto walinung'unika kuwa maji hayana nguvu; hakuigusa vali, akawapa birika. Na Shangazi juzi aliniuliza gari litapita tena lini, maana shoga yake wa Pangani hakuonana naye.